UZI: Shaba haitatungoja. Wanasiasa wa Katanga wakubaliane sasa ni vitu gani hakuna mutu atagusa

Mwana wa Katuba

Wandugu jambo. Kila siku tunabishana hapa, huyu na depite wake, yule na kabila yake, nani alitukana nani ku redio. Na ile yenye kunisumbua mimi sioni mutu anaitaja. Makuta ya shaba na kobalti inaingia sasa, leo hii, na tunaifanyisha nini ili mutoto wa Lubumbashi wa mwaka 2050 akute kitu? Uzi utakuwa murefu, mwenye haraka arudi mangaribi akiwa na nafasi.

Nianze na namba. Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, mu mwaka wake muzuri kabisa, 1986, ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Ile miaka baba zetu wakiiongelea macho inawaka, masomo ya Gécamines, hospitali ya Gécamines, bunga ya kila mwezi. Mu 2024 inchi yetu ilitoa tani zaidi ya milioni 3, tumepita Peru, mbele yetu kunabaki paka Chile. Kobalti ndiyo usiseme, karibu 70% ya ile dunia nzima inachimba inatoka huku. Yaani shaba ni zaidi ya mara sita ya ile ya wakati wa baba zetu. Sasa tembea komine zetu za Lubumbashi, Katuba, Kampemba, mvua ikiwa imenyesha, uniambie kama maisha nayo ni mara sita.

Najua mutasema wageni wanabeba yote. Wanabeba mingi, ndiyo. Lakini musome kode ya migodi yenye prezida Joseph Kabila alitia sinyatire Machi 2018. Redevansi, yaani malipo ya kampuni kwa serikali juu ya madini, ya shaba ni 3.5%, ya kobalti ni 10% tangu mwisho wa ule mwaka walipoitangaza kuwa madini ya stratejia. Ile redevansi inagawanywa hivi, nusu inaenda Kinshasa, 25% ya jimbo, 15% ya ETD maana yake komine ao sekteri ao shefri kwenye mugodi iko, na 10% ya FOMIN, ule mufuko wa vizazi vitakuja. Juu yake kampuni inatakiwa itoe tena 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wenye kuishi pale. Kwa hiyo kuko feza yenye inabaki hapa hapa, mu mikono ya watu tunawajua majina na parsele zao.

Na hapa njo nataka kufika. Hii feza haiwezi kuwa kitu cha kudumu kama kila mwenye kuingia anaanza kwa kuvunja ya mwenzake. Baraje ya kuranti inakula miaka. Kumufundisha fundi wa elektrisite mpaka umuachie mashini peke yake inakula miaka. Shule ya ufundi haizai matunda mu mandat moja. Sasa mukubwa mwenye anajua kama siku akitoka adui yake atafuta kila kitu, atajenga nini? Atajenga kitu cha kukata utepe mbele ya kamera kabla ya kura. Rompwe, sanamu, ukuta wa ofisi. Hata kama ana roho nzuri atafanya vile, juu hesabu yake ya muda inamulazimisha.

Mimi siombi wapendane, naomba siasa ya upole. Wabishane, njo kazi yao. Naomba paka kuwe vitu vichache vyenye wamekubaliana kama hakuna mutu anagusa, apate kura asipate: sehemu fulani ya ile 25% iende kwa kuranti, kwa masomo ya ufundi na kwa barabara za mashamba, iandikwe mu edi, maana yake sheria ya asemble ya jimbo, kwa miaka kumi na tano, na gavana mwenye atakuja asiweze kuigeuza na karatasi moja ya asubui. Naendelea chini.

Mwana wa Katuba

Nirudie kwanza ku ile yenye ilitupata sisi wenyewe.

Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza Katanga iko inchi yake. Mpaka Januari 1963 ikawa vita, na feza ya Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, njo ilikuwa inalisha ile vita. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza zairianizasyo, maduka na mashamba ya wageni wakapewa watu wa karibu na chama, wengi wao hata kitabu cha hesabu hawajapata kukifungua, mu miaka michache raki tupu. 1991 pillage, watu wakapora muji. 1992 na 1993 wakati wa chama cha UFERI, wandugu zetu wa Kasai wakafukuzwa Likasi, Kolwezi, na huku pia, watu wenye walizaliwa hapa, wenye wazazi wao waliletwa na Wabelgiji kwa kazi ya mugodi na ya treni.

Kila mara ile moto ikipanda, feza ya kwanza kukimbia ni ile ya muda murefu. Mwenye kuuza sigara anabaki. Mwenye kununua mawe na kusafirisha anabaki, yeye hata vita haimuogopeshe sana. Mwenye anakimbia ni yule alitaka kuja kujenga kiwanda cha kutengeneza nyaya hapa hapa, juu yeye atapata faida yake kisha miaka kumi na hajui kama mu miaka miwili fundi wake mukubwa hatafukuzwa juu ya jina lake. Kwa hiyo sisi tunabakia na wa mawe tu.

Muyomba Likasi

Mutoto wangu umeongea vizuri lakini ngoja muzee aongeze. Mimi nilikuwa Gécamines, Panda, Likasi. Usitie yote kwa kabila. Mugodi ya Kamoto ilianguka Septemba 1990, ile pekee ilitukata miguu. Na Kinshasa walikuwa wanachota makuta ya Gécamines miaka na miaka, vipande vya mashini havinunuliwi, tunakata mashini moja kutengeneza ingine. Kwa hiyo mu 1993 tukifika chini ya tani 50,000, mugonjwa alikuwa amesha kulala kitandani tangu zamani.

Lakini ile ya 1992 mimi niliiona na macho. Gari ya moshi ya Likasi, watu wamelala pale na matela, na masafuria, na mashini za kushona, wanangoja treni ya Kasai yenye haifiki, watoto wanakufa na kuhara pale pale ku ke. Mu atelye yetu kulikuwa fundi wa kompresere, tulimuita Vye, Mukasai. Siku ya kwenda alikuja na funguo zake, akazitia mu mukono wangu moja moja, hii ya kabati ya joint, hii ya pompi ya mafuta, hii usifungue kama presyo haijashuka. Alikuwa anafundisha huku analia. Mimi nilikuwa kijana, nilishika funguo lakini ujuzi wake haukubakia mu funguo. Kompresere ya pili ilisimama, haikusimamuka tena. Hakuna mutu wa Kinshasa alituambia tumufukuze yule muzee. Ni midomo ya huku.

Kisha 2003, 2004, depar volonteri, maana yake kuacha kazi kwa hiari na kulipwa, zaidi ya watu 10,000 tukatoka na bahasha. Wengine walinunua minibisi, ikafa mu mwaka. Makuta inaweza kuja kwa mara moja na kuisha kwa mara moja, mimi nimeiona kwangu na nimeiona kwa leta, kwa serikali.

Mwana wa Katuba

Asante sana muyomba. Ile ya funguo ningetaka kila depite aisome.

Kamalondo95

Mukubwa Katuba nakuheshimu lakini hapa sikubali. Neno la upole upole ni la watu wenye wamesha kula. Katiba ya 2006, artikle 175, inasema 40% ya mapato ya leta ibakie ku jimbo, ikatwe ku chanzo, haina haja ya kupanda kwanza Kinshasa. Tangu 2006! Imepata kutumikishwa namna ile hata siku moja? Wanapandisha yote, kisha wanaturudishia kidogo kidogo siku wanataka, na tunaambiwa tuseme merci. Na 2015 wakatukata vipande vine, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami, Tanganyika, bila hata kutuuliza. Sasa wewe unakuja kutuambia tuwe wapole. Mutu mwenye anaibiwa hapana kuambiwa apunguze sauti.

Mama wa Kenya Lshi

Kamalondo ana haki kidogo. Lakini mimi naomba mushuke chini kidogo kwetu, komine ya Kenya hapa Lubumbashi, wenye kuuza ku soko. Tangu Septemba 2019 masomo ya primeri ni bure, tulifurahi, Mungu awabariki. Lakini mukae mu darasa ya mutoto wangu. Benchi ya watoto wawili inakaa watoto wane, wa katikati hawezi kuandika mpaka wa pembeni atoe kiwiko. Wanaandika kwa zamu. Mwalimu anaandika ku tablo upande moja tu juu upande ingine plafo inavuja. Na hii masomo iko karibu na barabara kwenye kamiyo za shaba zinapita usiku na mchana. Njo naulizaka, ile 15% ya komine iko wapi? Hakuna Kinshasa pale, hakuna Mukasai, hakuna mugeni. Ni sisi na burgumestre wetu.

Kamalondo95

Mama nakusikia. Lakini burgumestre naye anatumwa kutoka juu, hatumuchagui.

Mwana wa Katuba

Kamalondo, ile ya 40% mimi niko pamoja na wewe 100%. Ni deni. Tuidai kila mwaka, ku asemble, ku korti, ku redio. Upole wenye mimi naongea si kunyamaza. Ninaita mupole mutu mwenye anadai haki yake bila kumugeuza jirani kuwa adui, na akiipata anajua tayari ataitia wapi. Juu nikuulize, kesho asubui Kinshasa ikiachia 40% yote, iko plani gani? Ile plani ya miaka kumi na tano iko mu kabati gani? Hakuna. Itakuwa sawa ile bahasha ya muyomba.

Sasa niende ku mufano wa mbali, juu ya karibu tunaijua.

Kuko state moja ya Marekani inaitwa North Carolina. Miaka ya 1950 ilikuwa kati ya zile maskini kabisa kule. Tumbaku, nguo, fanicha, mishahara ya chini, na vijana wenye walimaliza iniversite walikuwa wanaenda kutafuta maisha kwingine. Gavana alikuwa Luther Hodges, mutu wa biashara ya nguo. Yeye na wenzake waliona kama kuko iniversite tatu karibu karibu, Duke kule Durham, ya state kule Chapel Hill, ingine kule Raleigh. Katikati yao ilikuwa pori ya misonobari na mashamba ya kuchoka. Wakasema hapa tuweke mahali pa laboratware za kampuni kubwa. Mara ya kwanza waliipanga kama biashara ya faida, feza haikuja. Akatokea mukubwa mumoja wa banki, Archie Davis, akasema tusiitishe watu makuta ili mutu ajitajirishe, iwe mali isiyo ya faida, ya kusaidia state yote. Akazunguka, akachanga zaidi ya dola milioni 1.4 kwa watu na kampuni za kule kule nyumbani. 1959 Research Triangle Park ikazaliwa.

Sikia sasa yenye ilinigusa. Miaka ya kwanza pale palikuwa karibu tupu. Kitu kikubwa kilifika 1965, IBM. Mu ile miaka sita magavana walikuwa wamesha kuwa watatu, Hodges akatoka 1961, akaingia Terry Sanford, kisha 1965 Dan Moore. Na Moore alipita mu kura kwa kumushinda yule mwenye Sanford alimutaka. Hawakuwa marafiki. Lakini hakuna mutu alisema ile pori ni ya Hodges tuifunge. Sanford naye alifanya kitu kigumu, 1961 alitia takse ya 3% hata ku chakula ili alipe masomo, watu walimukasirikia sana, na 1963 wakaanzisha kolezhi za ufundi za karibu na watu mu state yote. Kisha Warepublikani nao wakafika kutawala, parki ikabaki. Leo Durham na Raleigh ni mahali pa dawa na teknolojia, na tumbaku kule haiko tena mufalme.

Sijasema ni kwa sababu walikuwa malaika. Walikuwa wanagombana. Lakini kulikuwa mustari, na ule mustari hawakuuruka.

Kamalondo95

Mukubwa, ile North Carolina umeipamba. Watu weusi walikuwa wapi mu ile hadisi? Ni mu ile ile state, mujini Greensboro, 1 Februari 1960, wanafunzi wane weusi walikaa ku kontware ya Woolworth wakaitisha kahawa na wakakataliwa, wakabaki wanakaa. Kama wangesikiliza wapole wa ile wakati, wangeambiwa wangoje. Ule Hodges wako njo alikuwa anachelewesha watoto weusi kuingia masomo ya wazungu. Kwa hiyo upole ulikuwa wa nani?

Mwana wa Katuba

Swali nzuri kabisa, na ile ya Hodges ni kweli, mupango wao wa 1956 ulikuwa wa kuchelewesha. Upole wa kumuambia mwenye njaa angoje, ule mimi siutetei.

Lakini angalia wale wanafunzi wane wenyewe. Walikuja na viatu safi, na vitabu, wakanunua vitu vingine mu ile duka na kuweka risiti, kisha wakakaa. Hawakuchoma duka ya mutu. Walishika haki yao na hawakuiachilia hata kidogo. Kwangu wale njo wapole wa kweli, na walikuwa wagumu kuliko mutu yeyote mwenye kupiga kelele.

Na upande wa wakubwa, linganisha miji miwili ya kule kusini. Mu 1950 Birmingham na Atlanta zilikuwa karibu sawa, kila moja na watu kupita 300,000 kidogo. Birmingham mukubwa wa polisi Bull Connor akaachilia imbwa na maji ya pompi juu ya watoto mu 1963, na Septemba ya ule mwaka bomu ikaua wasichana wane mu kanisa. Atlanta meya Hartsfield na kisha Ivan Allen, pamoja na wenye biashara, walikaa na viongozi weusi, 1961 masomo yakaanza kuchanganyika bila damu, na ule ule mwaka wakafungua aeroporti mupya ya ndege kubwa. Leo jiji la Atlanta na vitongoji vyake ni zaidi ya watu milioni 6. Birmingham iko kama milioni 1 na kidogo. Kuko sababu zingine, chuma ya Birmingham ilianguka bei, ndege na njia za treni zilisaidia Atlanta. Lakini mutu mwenye alikuwa na feza ya kupanda kwa miaka makumi mbili aliangalia zile picha za imbwa na akaamua.

Dereva Tunduma

Habari wakuu, mimi Mtanzania, nabeba shaba yenu kutoka Kolwezi hadi bandari ya Dar. Uzi umenikuta kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwenu na Zambia, nimeusoma wote, kazi nzuri sana mkuu.

Mmesahau Botswana. Uhuru 1966, moja ya nchi fukara kabisa duniani, lami ya kuhesabu kwa kilometa. 1967 almasi ikaonekana Orapa. Na Orapa iko kwenye eneo la Wangwato, kabila lake mwenyewe rais Seretse Khama, yeye ndiye aliyekuwa mrithi wa uchifu kule. Angeweza kusema almasi ni yetu sisi. Mwaka huo huo ikapita sheria ya kwamba haki za madini zote ni za taifa, siyo za kabila. Sasa hiyo ndiyo naiita siasa ya kiasi, mtu kuanza kujikata yeye mwenyewe. Kisha wakajadiliana na kampuni ya almasi De Beers wakafika nusu kwa nusu, na 1994 wakaanzisha Pula Fund kuweka akiba.

Halafu tuseme na upande wa pili, maana ukweli uwe ukweli. Almasi sasa imeshuka, na Botswana inaumia. Chama kilichotawala tangu 1966 kilishindwa uchaguzi wa Oktoba 2024. Lakini walikabidhiana madaraka kwa amani. Hakuna aliyekimbia nchi.

Hapa Kasumbalesa naona malori ya kutoka yana shaba, malori ya kuingia yana unga wa Zambia, sabuni, saruji, mpaka maji ya chupa. Hiyo inanisikitisha jamani, nyie mna ardhi na mvua.

Kamalondo95

Ndugu Dereva karibu sana, lakini unaona umenisaidia mimi? Seretse alitoa mali ya kabila yake kwa taifa na taifa likarudisha barabara na masomo. Sisi tumetoa tangu 1967 walipochukua Union Minière, yenye kisha ikawa Gécamines. Tumetoa mpaka tumebaki na shimo. Taifa lilirudisha nini?

Muyomba Likasi

Hapa Kamalondo ana haki. Mapatano ni ya watu wawili. Kinshasa nayo ishike mustari wake.

Goma Birere

Bandugu, mie niko Goma, naomba nafasi kidogo. Siye huku banki bilifungwa Januari 2025 vita ilipoingia mu muji, na aeroporti pia. Mutu alikuwa na franga yake mu banki, franga ya masomo ya watoto, hawezi kuigusa. Tuko natuma pesa na simu, na mwenye kukutolea anakata yake juu. Muko nabishana 25% na 15%, byote bizuri, byenye mie nawaambia ni kama hii mubishano ya ndimi, hii tu, ni baraka. Huku bwetu baliacha kubishana na midomo zamani. Mie nilikuwa na duka ya vifaa ya kujenga, simenti, mabati. Batu habajenge tena. Batu banatengeneza tu ile imesha kuanguka. Mulinde hiyo yenu.

Mama wa Kenya Lshi

Pole sana ndugu wa Goma. Mungu awakumbuke. Tuko pamoja.

Mwana wa Katuba

Pole ndugu yangu wa Birere, na asante. Uliyosema ya watu kuacha kujenga inaeleza kila kitu nilitaka kueleza mu post tatu.

Kamalondo, na muyomba pia, ni kweli, mapatano ni ya pande mbili. Kwa hiyo nitie wazi yenye ningedai kila upande.

Kinshasa: 40% ya katiba, ku chanzo, na kama hawawezi yote mara moja basi waandike ngazi, mwaka huu ngapi, mwaka kesho ngapi, na korti iweze kuwashika. Na ile 10% ya FOMIN iongozwe na watu wenye ministre hawezi kuwatoa kwa simu, na kila miezi sita watangaze iliingia ngapi na iko wapi. Alaska, state ya mafuta kule Marekani, mu 1969 walipata karibu dola milioni 900 za kontra za mafuta na mu miaka michache ikaisha mu budjeti. Watu walishtuka. 1976 wakaandika mu katiba yao yenyewe kama angalau 25% ya redevansi iende mu mufuko na mutaji hauguswi. Gavana Jay Hammond alikuwa Republikani, na ilibidi apate kura za watu wa pande zote ili ipite. Leo mufuko ule una makumi ya mabilioni ya dola. Sisi tuko na mufuko mu sheria tangu 2018, tuko na madini kuwashinda, tunakosa ile kufuli.

Jimbo: ile edi niliyosema juu. Na kitu cha kwanza kiwe kuranti. Hapa niko mugumu, hata mukinitukana. Laini ya kutoka Inga mpaka Kolwezi ilimalizika 1982, kilometa kama 1,700, na baraje zetu za Mwadingusha, Koni, Nzilo, Nseke zilijengwa na Wabelgiji. Migodi yenyewe inanunua kuranti Zambia. Kijana wa Kampemba mwenye anajua kuchomelea anatumika usiku wa manane juu njo saa SNEL, kampuni ya kuranti ya serikali, inaleta. Hakuna kiwanda cha nyaya, hakuna cha betri, hakuna hata cha kusaga muhindi vizuri bila kuranti. Watu wananiandikia ati tuanze na betri za gari za umeme. Tuanze na muhindi, tufike ku betri.

Na bei musisahau. Kobalti mu 2018 ilipita dola 90,000 kwa tani. Mwanzo wa 2025 ilishuka karibu na 21,000, mpaka Februari leta ikasimamisha kuitoa inje, kisha ikaleta kota. Budjeti yenye inategemea ile bei kulipa mishahara itakufa na ile bei. Hata mapatano mapya ya 2024 ya Sicomines, kampuni ya migodi ya Wachina na Gécamines, zile dola bilioni 7 za barabara, zimefungwa ku bei ya shaba. Kwa hiyo mwaka muzuri tuweke, mwaka mubaya tusifunge masomo.

Na sisi wa midomo. Kuko wandugu wengi wa Kasai wanafika tena hii miaka, na treni, na kamiyo, wanatafuta maisha, na nasikia maneno yenye muyomba anayajua mwisho wake. Mukubwa wa chama chochote, chako ao changu, akiyatumia kutafuta kura, tusimupigie. Mimi chama changu nimesha kukiambia.

Kamalondo95

Ile ya ngazi ya 40% naikubali kama kuko tarehe na kuko korti. Bila tarehe sikubali. Na ile ya wandugu wa Kasai sina neno, mama wa watoto wangu ni Muluba wa Mbuji-Mayi. Lakini mukubwa, edi ya miaka kumi na tano, asemble mupya si itaifuta tu? Walifuta ngapi?

Mwana wa Katuba

Wanaweza kuifuta ndiyo. Njo maana nasema ipite na kura za upande wa serikali na za opozisyo pamoja, ili kila moja akiifuta awe anafuta sinyatire yake. Haitoshi peke yake. Inatakiwa tena watu wajue namba. Kama mama wa Kenya na wenzake ku soko wanajua kama mwaka huu benchi za masomo ya kartye zilipangiwa makuta fulani, yule depite atafuta namna gani bila kuulizwa?

Mama wa Kenya Lshi

Sasa niambie yaya, mimi sikusoma sana, naanzia wapi kujua komine yetu ilipata ngapi? Nikienda watanifukuza?

Mwana wa Katuba

Mama, usiende peke yako, mwende watatu wane, pamoja na mumoja wa komite ya wazazi ya masomo. Kwanza mutu mwenye intaneti akufungulie raporo za ITIE, ule mupango wa kutangaza hesabu za madini, zinaonyesha mugodi gani ulilipa ngapi, na mara nyingi mpaka kwa ETD. Uandike ile namba ku karatasi. Kama kwenu hakuna mugodi basi 15% haiwahusu, muulize ile 25% ya jimbo ilileta nini kwenye masomo yenu. Kisha ku komine muitishe budjeti ya mwaka na muangalie mustari wa edikasyo. Muongee na heshima, mumusalimie burgumestre vizuri, musitaje chama ya mutu. Mukikataliwa muombe wakatae kwa maandishi.

Muyomba Likasi

Na mubakize kopi.

Mama wa Kenya Lshi

Sawa. Prezida wa wazazi nimesha kumuongelesha ku simu saa hii, amekubali. Tunaenda Jumatatu kisha soko ya asubui. Nitaandika hapa yenye watatujibu.